Kuitambua Sanamaki ya Kweli kwa Jani Lake na Kemia Yake

Mtu akiingia katika duka la dawa za miti shamba mjini Lamu na kueleza kwamba amefunga choo kwa siku kadhaa, aghalabu ataelekezwa kwenye sanamaki. Atafunguliwa mfuko wa majani makavu, au atapimiwa unga wa kijani kibichi kilichofifia, kisha ataambiwa auloweke usiku na kuunywa. Dawa hii ina heshima kubwa katika pwani yetu. Imetajwa katika hadithi za tiba ya Mtume, pale Asmaa binti Umays alipoulizwa hutumia nini kulainisha tumbo lake, na wazee wetu wameipokea kwa imani hiyo. Heshima hiyo ndiyo inayonifanya nisisitize suala la utambuzi, kwa sababu jina likishaheshimiwa, chochote kinachouzwa kwa jina hilo hununuliwa bila kuulizwa.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuhakikisha kwamba jani ulilouziwa ni sanamaki kweli, kwanza kwa macho na vidole, kisha kwa lenzi na hadubini, na mwishowe kwa jaribio la kemia linaloweza kufanywa katika maabara ya kawaida ya shule ya sekondari. Nimeziweka hatua hizi kwa mpangilio huu kwa makusudi, na nitaeleza mbele kwa nini kemia haipaswi kutangulia umbo.

Mmea wenyewe

Sanamaki ni kichaka kidogo cha jamii ya kunde, ambacho kwa kawaida hakizidi urefu wa kifua cha mtu mzima, chenye maua ya manjano na maganda bapa mfano wa karatasi nene. Jina lake la kisayansi ni Senna alexandrina. Vitabu vya zamani viliigawa katika mimea miwili, Cassia acutifolia ya Sudan na Misri, na Cassia angustifolia ya Bara Arabu na India, lakini wataalamu wengi wa siku hizi huihesabu kuwa mmea mmoja wenye sura mbili. Ile ya bonde la Mto Nile ilisafirishwa kupitia bandari ya Alexandria, na ndiko lilikotoka jina lake la kisayansi. Ya India hulimwa sana katika jimbo la Tamil Nadu, upande wa kusini, nayo huingia sokoni kwa jina la Tinnevelly, yaani mji wa Tirunelveli. Kwa hiyo, ingawa tunaiita kwa jina la Makka, mfuko uliouona dukani unaweza kuwa umetoka India au Sudan, na hilo peke yake si kasoro.

Jani zima la sanamaki huwa na kikonyo kimoja chenye vijani vidogo vilivyopangwa kwa jozi pande zote mbili, kwa kawaida jozi tatu hadi tisa, bila kijani cha pekee kwenye ncha. Kinachouzwa dukani ni vile vijani vilivyokwisha kupukutika. Hii ina maana kwamba mnunuzi hapati nafasi ya kuuona mpangilio wa jani wala ua wala ganda, na utambuzi wote unalazimika kutegemea kijani kimoja kimoja. Kwa bahati njema, kijani cha sanamaki kina alama za kutosha.

Nunua jani zima, usinunue unga

Kabla ya yote, omba jani lisilosagwa. Unga unaondoa karibu kila alama nitakayoieleza katika sehemu inayofuata, na unampa mchanganyaji mlango wazi. Sisemi kwamba kila muuza unga ni mdanganyifu. Wengi wao wameununua hivyo hivyo kutoka kwa wauzaji wa jumla wa Mombasa na hawana namna ya kujua kilichomo. Lakini muuzaji asiyejua na muuzaji anayedanganya humpa mgonjwa kitu kile kile. Ikiwa duka lina unga tu, mimi ningeondoka.

Ukipewa jani zima, chukua gao moja ulimwage juu ya karatasi nyeupe penye mwanga wa jua, kisha utenge mafungu matatu: vijani vizima, vipande vilivyovunjika, na vitu vingine kama vijiti, mawe, maganda na mchanga. Vikonyo vichache si tatizo. Vijiti vingi vinaonyesha kwamba kichaka kilifyekwa na kupondwa badala ya kuchumwa, na vijiti vina dawa kidogo kuliko jani. Maganda bapa ya sanamaki nayo ni dawa, na ukiyakuta humo yatakusaidia: ya Alexandria ni mapana, karibu sentimita mbili hadi mbili na nusu, na yana mbegu sita au saba, ya Tinnevelly ni membamba zaidi.

Kuanzia kwenye kitako

Chagua vijani kumi vilivyo vizima na uviangalie kimoja kimoja. Anza kwenye kitako, yaani mahali kijani kinaposhikana na kikonyo chake kifupi. Hii ndiyo alama ninayoiamini kuliko nyingine zote za macho, na ndiyo ambayo watu huipita haraka mno. Kitako cha sanamaki hakilingani pande mbili: upande mmoja wa mshipa wa kati, sehemu ya jani huteremka chini zaidi na kuwa pana kidogo, ilhali upande wa pili huishia juu zaidi na kuwa mwembamba. Katika sanamaki ya Alexandria tofauti hii huonekana waziwazi. Katika ya Tinnevelly ni ndogo, na inabidi uinue kijani dhidi ya mwanga ili uione.

Kwa yule ambaye jicho lake halijazoea, kuna darasa la bure mlangoni. Chuma jani la mwarobaini, ambao umejaa katika nyua na barabara za Lamu na Malindi, uvitazame vijani vyake. Kila kimoja kimepinda kama jambia, na kitako chake kina upande mmoja mkubwa na mwingine mdogo. Tofauti ile ni kubwa kiasi kwamba hata mtoto ataiona. Baada ya hapo chuma kijani cha mkwaju, ambacho nacho kitako chake kimekwenda upande. Ukishaitambua hali hiyo katika mimea hii miwili unayoijua, utaitambua pia katika sanamaki, hata pale ilipo hafifu.

Mfano huohuo unatufundisha kwamba kitako peke yake hakitoshi. Mwarobaini, mkwaju na sanamaki zote zina kitako kisicholingana, kwa hiyo panda hadi kwenye ukingo na ncha. Ukingo wa sanamaki ni laini kabisa, hauna meno. Mwarobaini una meno kama msumeno. Ncha ya sanamaki imechongoka na humalizikia katika kijimwiba kifupi sana, ambacho ni mwendelezo wa mshipa wa kati uliojitokeza nje ya jani. Pitisha ncha ya kidole taratibu na utaihisi. Kijani cha mkwaju kina ncha ya mviringo, mara nyingi iliyobonyea kidogo katikati, na ukikitafuna ni kichachu. Hapo umekwisha kutenganisha mimea mitatu kwa dakika chache bila kifaa chochote.

Vipimo pia husaidia. Kijani cha sanamaki kina urefu wa sentimita mbili hadi tano na upana wa kati ya nusu sentimita na sentimita mbili. Ya Alexandria ni fupi zaidi, kwa kawaida haizidi sentimita nne, na huwa imekatikakatika kingo. Ya Tinnevelly ni ndefu zaidi na tambarare, na mara nyingi ina alama za mistari iliyokwenda kwa upana au kwa mshazari, ambazo ni athari ya vijani kukandamizwa kimoja juu ya kingine katika marobota. Mistari hiyo si mishipa wala ugonjwa.

Rangi inayotakiwa ni kijani kinachoelekea manjano au kijivu. Hudhurungi iliyoenea inaonyesha jani lililochelewa kukauka au kuloa baada ya kukauka. Harufu ni hafifu, ya majani makavu, wala haikeri. Ukiweka kipande mdomoni na kukitafuna bila kukimeza, mwanzo utahisi ulenda kidogo, halafu uchungu mdogo utakuja nyuma yake. Ulenda huo unatokana na seli za ngozi ya jani zilizojaa utomvu wa aina ya ute, na ni alama nzuri. Uchungu mkali unaoshika ulimi papo hapo si wa sanamaki.

Majani yanayofanana nayo

Mimea ya jenasi ya Senna ni mingi, na baadhi yake imeota pembeni mwa njia zetu. Mmoja unaoweza kudhaniwa kwa urahisi kuwa sanamaki ni mwingajini, Senna occidentalis, unaoota penye taka na viwanja vilivyoachwa. Vijani vyake ni vipana zaidi, jozi nne hadi sita, vimechongoka kwa ncha ndefu, na jani bichi likifikichwa hutoa harufu mbaya inayobaki mkononi. Ukiupata ukiwa mzima, angalia chini kabisa ya kikonyo: pana tezi moja ndogo, nyeusi na ya mviringo. Sanamaki haina tezi hiyo. Mbegu za mwingajini zina sumu; huko India watoto waliozila wameugua maradhi makali yaliyoshambulia ini, misuli na ubongo. Mmea huu una historia yake katika tiba za kienyeji, lakini si mbadala wa sanamaki, na yeyote anayeuingiza katika mfuko wa sanamaki anahatarisha watu.

Mjohoro, Senna siamea, ni mti uliopandwa sana kwa ajili ya kivuli na kuni. Vijani vyake ni virefu na vyenye pande zilizokwenda sambamba, na ncha yake ni ya mviringo au imebonyea kidogo, si ya kuchongoka. Una kiambata kiitwacho barakoli ambacho kimehusishwa na kudhurika kwa ini kwa watu waliotumia dawa za mmea huo nchini Thailand. Ncha ya mviringo itoshe kukufanya ukatae.

Katika biashara ya kimataifa kuna majani mengine mawili ya kuyajua. La kwanza ni la Solenostemma argel, linaloota katika maeneo yale yale ya Sudan na Misri na kwa karne nyingi limekuwa likichanganywa na sanamaki ya Alexandria. Jani lake ni nene, la kijivu, limekunjamana, na kitako chake kinalingana pande zote mbili. La pili ni la Senna auriculata, linalotoka India, ambalo lina vinywele virefu na halina viambata vinavyolegeza tumbo. Hilo huumbuliwa na kemia: ukilidondoshea asidi ya sulfuriki ya asilimia 80 hugeuka jekundu la kukolea, jambo ambalo sanamaki haifanyi.

Limebaki suala la hina, ambalo kwetu lina uzito wake, kwa kuwa hina na sanamaki huwekwa katika rafu moja na zote zikisagwa hutoa unga wa kijani. Jani la hina ni jani kamili, si kijani cha jani kubwa, na kitako chake hupungua upana kwa usawa pande zote mbili. Kama umekwisha kununua unga na una wasiwasi, ukande kwa maji ya vuguvugu na kidogo cha maji ya ndimu, uache usiku kucha, kisha uweke kiganjani kwa saa moja. Hina itaacha rangi ya machungwa. Sanamaki haitaacha rangi hiyo. Jaribio hili linathibitisha tu kwamba hina ipo au haipo; haliwezi kukuambia kwamba unga uliobaki ni sanamaki.

Kwa lenzi na hadubini

Lenzi ya mkononi inayokuza mara kumi inatosha kuonyesha vinywele vya sanamaki. Viko pande zote mbili za jani, ni vichache na vifupi, virefu kabisa vikiwa karibu robo ya milimita, na vingi vimelala kuelekea ncha ya jani. Mtu anayetarajia manyoya hatayaona. Tafuta karibu na mshipa wa kati, upande wa chini wa jani, huku ukilielekeza jani pembeni ili mwanga ulikwangue.

Hadubini ya shule inaonyesha mengi zaidi. Loweka kijani katika maji ya moto hadi kilainike, kifute kwa kitambaa, kisha kipake rangi ya kucha isiyo na rangi, sehemu ndogo tu. Ikishakauka, ibandue kwa utepe wa gundi unaopitisha mwanga na uibandike juu ya kioo cha hadubini. Utaona chapa ya ngozi ya jani: seli zenye kuta zilizonyooka, na katikati yake matundu ya kupumulia yaitwayo stomata. Katika sanamaki kila tundu limezungukwa na seli mbili za pembeni zilizolala sambamba nalo, na matundu haya yako juu na chini ya jani. Kinywele ni cha seli moja tu, kina ukuta mnene wenye vipele, na mara nyingi kimejikunja karibu na shina lake. Vinywele vya argel vina seli mbili au tatu. Ukiona ukuta unaokata kinywele katikati, jani hilo si sanamaki.

Chapa hiyohiyo hukuwezesha kupata kipimo kiitwacho kielezo cha stomata. Hesabu matundu yote katika eneo moja la hadubini, kisha hesabu seli za ngozi katika eneo hilo pamoja na zile za pembeni mwa matundu. Gawanya idadi ya matundu kwa jumla ya matundu na seli, halafu zidisha kwa 100. Sanamaki ya Alexandria hutoa kati ya 10 na 15, na ya Tinnevelly kati ya 14 na 20. Kipimo hiki kina faida kubwa kwa sababu hakibadiliki sana kwa ukubwa wa jani wala umri wake. Hesabu maeneo kadhaa upate wastani, kwani eneo moja linaweza kukupotosha.

Ukiweza kukata jani kwa wembe mkali, ukatao mwembamba sana wa upande hadi upande, utaona jambo jingine linaloitofautisha sanamaki na majani mengi. Majani ya kawaida yana safu ya seli ndefu zilizosimama upande wa juu tu; sanamaki inazo juu na chini. Mshipa wake wa kati umezungukwa na nyuzi, na nyuzi hizo zimepangiwa fuwele za kalsiamu oksaleti zenye pembe kali. Fuwele na vinywele ni miongoni mwa vitu vinavyosalimika katika kinu, kwa hiyo anayelazimika kuchunguza unga hana budi kuvitafuta.

Kilicho ndani ya jani

Kinachofungua choo ni viambata viitwavyo senosidi, hasa senosidi A na senosidi B, ambavyo Arthur Stoll na wenzake wa Uswisi walivitenga mwaka 1941. Kila molekuli ni pacha: nusu mbili zinazofanana zimeunganishwa katikati, na kila nusu imebeba molekuli ya sukari ya glukosi. A na B zina fomula moja, C42H38O20, na zinatofautiana kwa mkao wa nusu hizo katika nafasi. Sehemu kubwa ya senosidi hujitengeneza jani linapokauka katika joto la wastani, kwa kazi ya vimeng'enya vya jani lenyewe. Kwa hiyo jani lililokaushwa polepole lina thamani kuliko lililokaangwa juani au motoni.

Senosidi zenyewe hazionyeshi rangi ya kutambulisha. Inabidi zivunjwe kwanza: sukari iondolewe, na pacha watenganishwe na kuoksidishwa kuwa reini, ambayo ni antrakwinoni. Antrakwinoni za aina hii zikikutana na alkali hugeuka nyekundu. Ndiyo kazi ya jaribio la Bornträger katika sura yake iliyoboreshwa, na hufanywa hivi.

Saga nusu gramu ya jani. Uiweke katika neli ya kioo pamoja na mililita 10 za asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa na mililita 5 za mmumunyo wa feriki kloridi wa asilimia 5. Simamisha neli ndani ya maji yanayochemka kwa dakika kumi, ipoe, kisha chuja. Mimina maji yaliyochujwa katika neli nyingine, ongeza klorofomu kiasi cha mililita 10, na utikise taratibu huku ukiachia hewa. Klorofomu itazama chini ikiwa imebeba reini, nayo itakuwa na umanjano. Ichote kwa bomba la kudondoshea, iweke katika neli safi, na umiminie juu yake kiasi kama hicho cha amonia iliyozimuliwa. Tikisa kidogo uache itulie. Tazama tabaka la juu: katika sanamaki nzuri litakuwa la waridi, kisha litakolea hadi wekundu wa zabibu, na klorofomu ya chini itabaki karibu bila rangi. Jani lisilo na antrakwinoni litaacha tabaka la juu likiwa na umanjano tu.

Kazi hii ifanyike maabara, chini ya mwalimu au fundi wa maabara, madirisha yakiwa wazi na macho yakiwa yamekingwa. Mvuke wa klorofomu na wa amonia haufai jikoni. Nimeona watu wakishauri kwamba inatosha kutia magadi katika maji ya sanamaki na kutazama yakikolea. Ushauri huo haufai kufuatwa, kwa sababu majani mengi sana yenye tanini na flavonoidi hukolea kwa magadi, na bila hatua ya asidi senosidi hubaki zimefungwa.

Sasa nieleze kwa nini nimeiweka kemia nyuma. Jaribio hili linajibu swali moja tu: je, kuna antrakwinoni? Mwingajini nao una antrakwinoni. Shubiri pia inazo viambata vya ukoo huo. Hata hina, kwa kiambata chake cha losoni, inaweza kutoa rangi ya machungwa inayokaribia nyekundu katika alkali na kumkanganya asiye mzoefu. Anayeanza na kemia atapata wekundu na kuridhika, ilhali mfukoni mwake mna jani lingine. Umbo likishathibitisha mmea, kemia huthibitisha kwamba mmea huo bado una nguvu yake, haukuoza wala haukukaa ghalani hadi ukaisha.

Kwa nini kipimo kinategemea utambuzi

Vitabu rasmi vya dawa vya Ulaya vimekuwa vikitaka jani la sanamaki liwe na angalau asilimia 2.5 ya glikosidi hizi, yaani viambata vilivyobeba sukari kama senosidi. Gramu moja ya jani la kiwango hicho ina miligramu 25 za dawa, na kipimo cha mtu mzima kwa siku ni kati ya miligramu 15 na 30. Msomaji ataona kwamba nafasi ni finyu: gramu moja ya jani zuri inatosha, na kijiko kilichofurika kinapita kiasi. Anayepewa jani dhaifu huzoea kuongeza vijiko, na siku atakapouziwa jani lenye nguvu kwa kipimo kile kile, tumbo litamsokota na atapoteza maji na chumvi nyingi za mwili.

Senosidi hupita tumbo na utumbo mwembamba bila kufanya lolote. Zinapofika kwenye utumbo mpana, bakteria wa humo huzivunja na kuachilia kile kinachousukuma utumbo na kuuzuia usifyonze maji. Ndiyo maana huchukua saa sita hadi kumi na mbili, na ndiyo maana hunywewa wakati wa kulala. Asiyejua hili huongeza kikombe cha pili baada ya saa mbili akidhani cha kwanza hakikufaa.

Baada ya kuinywa, mkojo unaweza kuwa wa manjano iliyokolea au mwekundu unaoelekea hudhurungi, kutegemea kama una asidi au alkali. Ni kemia ileile ya neli ya maabara, na si damu. Lakini rangi hiyo ikiendelea baada ya kuacha dawa, mwone daktari.

Sanamaki asipewe mtoto aliye chini ya miaka 12, wala mjamzito bila ushauri wa daktari, wala mtu mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo chake, kwani huenda ni kidole tumbo au utumbo umeziba. Anayetumia dawa za moyo kama digoksini, au vidonge vya kupunguza maji mwilini, ajiepushe nayo, kwa sababu kuharisha hupoteza potasiamu na dawa hizo zinaweza kugeuka hatari. Kwa yeyote, isizidi wiki moja au mbili mfululizo.

Kuhifadhi na kupeleka sampuli

Hewa ya visiwa vya Lamu ina unyevunyevu, na wakati wa masika jani lililoachwa katika mfuko wa karatasi hulainika, kisha hushika ukungu. Jani zuri la sanamaki hukatika kwa mlio ukilikunja. Likikunjika bila kukatika, limevuta maji. Liweke katika chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, mahali pasipo na jua, na ubandike karatasi yenye tarehe ya kununua na jina la duka. Lililoota ukungu lisikaushwe upya, litupwe.

Pale ambapo macho, lenzi na maabara vimeacha shaka, hasa kama mmea umeota shambani mwako na si wa kununuliwa, mahali pa kupata jibu ni Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya mjini Nairobi. Kata tawi lenye majani kamili, maua na maganda ikiwezekana, lilaze kati ya kurasa za magazeti, weka ubao na jiwe juu yake, na ubadilishe magazeti kila siku hadi tawi likauke. Andika mahali ulipolikata, tarehe, urefu wa mmea, rangi ya ua lilipokuwa bichi, na jina ambalo watu wa hapo huliita. Rangi ya ua usiiache kwa kudhani wataiona wenyewe, kwa kuwa manjano ya sanamaki hufifia ndani ya gazeti.